Padi Isiyo Vitufe

Uvumi umefika Mlaleo kabla ya mashine yenyewe,
kama harufu ya viazi karai inavyoitangulia sahani.
Kauleta Twalib, na Twalib haleti kitu nusu:
mashine ijayo, asema, padi yake haina vitufe.
Laini kote, kama kipande cha sabuni
kilichosalia baada ya kufulia mashuka.
Unaishika, nayo yakushika.

Mimi niko nyuma ya kaunta, bisibisi mdomoni.
Nimeipasua padi nambari nne,
ile ambayo mchezaji wake hujiendea kushoto
hata ukimwachia, hata ukimwomba,
kama mlevi aliyekumbuka kwao.
Ndani nimekuta sukari nyekundu ya mabuyu,
unywele mmoja,
na chumvi. Chumvi haiishi;
huku kwetu hewa yenyewe hula chuma.
Nachovya njiti ya kiberiti kwenye spiriti,
nasugua, napuliza, nasikiliza.

"Itasikia mapigo ya moyo," asema Kadzo,
ana miaka kumi na miwili na hajafungwa tangu Ramadhani.
"Ukiogopa wewe, na askari wako ataogopa."
Famau yuwacheka: wa kwako basi atalala usingizi.
Mwingine atia lake: itapata moto ukiingia jangwani,
itapata baridi ukivuka mto.
Mwingine: itagawanyika mara mbili, kila mkono na chake,
ufanye hivi, kama mtu akunaye nazi,
na mle ndani nazi ikunike.
Hapo wakanyamaza,
wakiipima ile nazi.

Hakuna aliyeiona. Picha iliyo kwenye simu
ni ukungu wa kijivu, kitu kilichofunikwa shuka;
mimi ningeapa ni kiatu.
Lakini wameigeuza, wameikuza mpaka ikapasuka miraba,
wamekipima kivuli chake kwa vidole.
"Kijitundu hiki," asema Twalib, "ndipo inapopumulia."

Nami, bila kuulizwa, najiuliza kifundi:
kitu kisicho na parafujo hufunguliwa wapi?
Kikiingia chumvi, nitapuliza wapi?
Na viganja hivi vyenye achari ya embe,
kitavisomaje?
Kitajua huu ni woga na hii ni pilipili?

Badi alikuwa amekaa juu ya kreti la soda.
Mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo
mwaka ule wa mashine ya miwa. Hapendi habari hiyo.
Padi yake ni nambari saba: nyaya nimezitoa nje,
vifyatuo vyote viwili nimevihamishia kulia,
nimezungusha utepe mweusi mara sita.
Huibana kwa magoti,
kifimbo cha kushoto hukiburuza kwa kidevu,
na wako watu wazima humu aliowafunga
wakatoka bila kudai chenji.

"Hiyo laini," akauliza, "yajua mkono ni nini?
Au itakaa ikingoja wa pili?"

Twalib, anayejua kila kitu, akaifungua simu tena,
akautazama ule ukungu
kama mtu aliyepoteza funguo mle ndani.
Feni ikazunguka.
"Itabidi iulize," akasema Kadzo mwishowe.
"Iulize nani?"
"Mwenye kuishika."
Famau akasema zamu ni yake na shilingi zake zinaliwa,
wakarudi mpirani, wakigombana.

Nikaifunga nambari nne, parafujo tano;
ya sita ilipotea siku nyingi.
Nikaiwasha. Mchezaji akasimama katikati ya uwanja,
akasimama kabisa, mara ya kwanza tangu Alhamisi,
hata nikaanza kujisifu.
Kisha taratibu, bila kuguswa,
akaanza kwenda kulia.

Nikaitafuta bisibisi.
"Iache hivyo hivyo," akasema Badi, hajageuka.
"Hiyo nitaelewana nayo."